Nukta Nne za Rangi ya Kucha

Ijumaa. Mvua ilianza kabla sijaamka na hadi sasa haijaamua kuacha. Kutoka dirishani hapa Kiamunyi naona turubai la buluu lililofunika gari la Baba, na maji yaliyotuama juu yake. Nimemimina chai mara tatu leo, na kila mara imepoa kabla sijaimaliza.

Nina aibu. Naliandika neno hilo mapema ili nisije nikalizunguka, maana najijua. Nikipewa nafasi nitaeleza hali ya hewa, kisha bei ya viazi, na mwishowe nitajikuta nimejisamehe bila kumwambia mtu nilichofanya. Tayari nimeanza na mvua.

Waliosoma hapa kwenye blogu yangu Jumapili iliyopita wanajua nilichoandika. Niliandika kwamba fundi wangu, Mzee Nyongesa, ameniibia. Kwamba nilimpa spea orijino, akanifungia feki na zangu akazila. Niliweka na picha ya geti la gereji yake, ili asije mtu akauliza ni fundi gani. Kikundi chetu cha wenye magari ya zamani hapa Nakuru kiliisambaza siku hiyo hiyo, nami nikakaa na simu mkononi nikifurahia kila aliyeniambia pole.

Mzee Nyongesa hakuniibia.

Wacha nieleze tangu mwanzo. Gari lenyewe ni saluni ya Kifaransa, rangi ya maziwa, na umri wake unakaribia wangu. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, akaenda nalo Keringet na kurudi miaka yote niliyokuwa shuleni, viazi kwenye buti na sisi watoto watatu nyuma tukisukumana. Alipofariki, ndugu zangu walichagua ng'ombe. Mimi nikachagua gari, na wakanicheka hadi wakachoka.

Mwaka huu sehemu ya mbele ilikuwa imekwisha. Kila tuta nililopita lilinigongea chini kama mtu anayebisha mlango, usukani ulitetemeka, na tairi zilikuwa zinalika upande mmoja. Mama anatimiza miaka themanini mwezi ujao, na kanisa lake kule Keringet limemwandalia ibada ya shukrani. Ameomba kitu kimoja tu. Apelekwe na gari la Mzee, yaani Baba, akae kiti cha mbele alichokuwa akikalia zamani.

Kwa hivyo nikaenda kwa Mzee Nyongesa. Gereji yake iko ng'ambo ya reli, na si ajabu, kwa sababu baba yake alitoka magharibi akaja kufanya kazi kwenye karakana ya reli, na yeye akazaliwa hapa hapa. Ndiye aliyelitengeneza gari hili tangu enzi za Baba. Hajawahi kuniita kwa jina langu, huniita binti ya Mzee. Aliingia chini ya gari, akatikisa magurudumu, akatoka akijipangusa mikono, akasema nibadilishe shoki za kupunguza mishtuko, boljointi za magurudumu, na zaidi ya yote bushi.

Bushi ni mpira mnene wenye bomba la chuma katikati. Hukaa pale mkono wa chini wa gurudumu unapoungana na mwili wa gari. Ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani, lakini kikiharibika gurudumu linakwenda linakotaka lenyewe.

Shoki na boljointi hazikunisumbua. Bushi zilinila wiki tatu. Niliingia duka baada ya duka, na kila muuzaji aliniambia iko orijino na iko ile ya kawaida. Nikimuuliza tofauti ni nini, anatazama viatu vyangu kwanza, halafu ananiambia kwamba hiyo ni mambo ya fundi. Mwanamke akiuliza habari za gari katika mji huu hujibiwa polepole, kama mtoto. Na nimewahi kudanganywa kweli. Kuna fundi wa mji mwingine aliyenirudishia gari likiwa na betri kuukuu ya mtu mwingine, akaapa kwa marehemu mama yake kwamba ni yangu.

Ndiyo sababu huku kwetu mwenye gari hununua spea mwenyewe, akampelekea fundi mkononi. Kazi ikiisha, fundi humrudishia zile kuukuu ndani ya gunia, ili aone kwa macho yake kwamba zimetolewa. Baba alifanya hivyo, na Mzee Nyongesa hajawahi kungoja aambiwe. Mimi niliona hiyo haitoshi. Nikaongeza rangi ya kucha.

Orijino nilizipata mwishowe kwenye duka la zamani lililokuwa linafungwa. Zilikuwa juu kabisa ya rafu, zimepakwa poda ya kuhifadhi mpira, ndani ya boksi la karatasi ngumu ambalo rangi yake bado ilikuwa nzuri. Bushi nne. Nilitoka pale nikitembea kama niliyeshinda kesi. Halafu nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni la akili sana. Nikapitia duka jingine nikanunua na feki nne, ili nimjue adui.

Jioni ile nilizipanga zote nane kwenye meza ya jikoni. Nilizipima kwenye mizani ninayopimia unga wa keki. Nilizibonyeza na nikazinusa. Orijino ni nzito, mpira wake hukubali kidole kisha hurudi taratibu. Feki ni nyepesi, bomba lake jembamba, na harufu yake ni ya tairi linaloungua. Nilifurahi, siwezi kukana. Nilijiona nimewazidi akili mafundi wote wa Nakuru, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amenikosea siku hiyo.

Nikachukua rangi nyekundu ya kucha, nikatia nukta ndogo ukingoni mwa bomba la kila orijino, mahali ambapo nikilala chini ya gari na tochi nitaiona. Nukta zilikuwa mbichi. Sikutaka zichafue lile boksi zuri, kwa hivyo nikazianika juu ya kifuniko cha boksi la feki. Zile feki zenyewe nikazisogeza kando, karibu na boksi zuri. Stima ikapotea, nikaenda kulala.

Asubuhi nilikuwa nimechelewa kazini. Bushi zilizokuwa juu ya boksi la feki nikazitia ndani ya boksi la feki. Zilizokuwa karibu na boksi zuri nikazitia ndani ya boksi zuri. Sikuangalia nukta. Boksi la feki nikalisukuma kabatini nyuma ya mkebe wa unga, lile zuri nikampelekea Mzee Nyongesa.

Sasa nitaje kazi yangu. Niko kwenye maabara ya kliniki moja hapa mjini. Kwa miaka ishirini na moja nimekuwa nikiweka lebo kwenye damu za watu. Nimewahi kumkaripia mwenzangu mbele ya wagonjwa kwa kuacha chupa moja bila jina, na sikumbuki kama nilimwomba msamaha.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kulichukua gari. Jumamosi ndiyo siku ambayo gereji hujaa, wenye magari huja kukaa kwenye viti vya magari yaliyokufa, wakanywa chai na kubishana. Mzee Nyongesa alinikabidhi gunia la spea kuukuu na ufunguo. Akaniambia Keringet nisiende nalo kwanza. Nizunguke nalo hapa mjini wiki moja, halafu nimrudishie aliangalie tena.

Nilitandika gunia jingine tupu chini, nikalala na suruali yangu ya kazini, nikamulika. Bushi nne mpya, na hakuna nukta hata moja.

Nilipoinuka nilikuwa na furaha ya ajabu, ile ya mtu aliyengoja muda mrefu kuthibitishwa. Nikamuuliza kwa sauti bushi zangu ziko wapi. Akasema amefunga zile nilizompa. Nikawaeleza watu wote habari ya rangi ya kucha, nikawaonyesha na ukubwa wa nukta kwa ncha ya kidole. Mzee Nyongesa akasema, "Sawa, Madam."

Akafungua sanduku lake la vifaa mwenyewe, akasogea kando. Nami nikapekua. Nilitoa spana moja moja. Nilipapasa rafu zake, nikasukuma kando furushi zito lililofungwa kwa gazeti kwa sababu nilikuwa natafuta vitu vidogo. Nilishika hadi koti lake lililoning'inia kwenye msumari, nikaingiza mkono mfukoni. Nilikuta leso na miwani. Ni mtu mwenye umri wa kunizaa, na nilimwingiza mkono mfukoni mbele ya wateja wake.

Nilipokosa, sikunyamaza. Nilisema, "Baba angekuwa hai, ungemwambia nini?"

Nikawasha gari nikaondoka, na Jumapili nikaandika. Hata ule ushauri wa kutokwenda Keringet niliutaja humu kama ushahidi. Niliandika kwamba mwizi anajua bidhaa yake haitafika mbali.

Leo sikuwa na zamu. Nilipanga kuandika tena, safari hii na picha, niwafundishe watu jinsi ya kuitambua bushi feki. Nikavuta boksi kutoka nyuma ya mkebe wa unga, nikalifungua kwenye mwanga wa dirisha.

Nukta nne nyekundu zilikuwa zinanitazama.

Nilikaa sakafuni. Ningependa kusema kwamba nilisimama mara moja nikakimbilia gereji, lakini sivyo. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba hakuna mtu anayejua. Naweza kuzitupa chooni. Naweza kuzipeleka kwa fundi mwingine, nikasema nimezinunua upya. Nilichukua pamba na ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, nikaishika bushi ya kwanza, na ningeifuta.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mwanaume mmoja wa Longonot, mwenzetu wa kikundi, ambaye pikapu yake ya zamani ilikuwa kwa Mzee Nyongesa tangu mwezi uliopita. Alisema ameivuta akaipeleka kwingine, injini ikiwa nusu imefunguliwa. Alisema, "Asante dada kwa kutufungua macho."

Nikaweka pamba chini. Nilivaa viatu vya mvua, nikatia boksi ndani ya mfuko wa plastiki, nikaenda.

Gereji ilikuwa tupu. Pale pikapu ilipokuwa pamebaki madoa ya oili na maji ya mvua yenye rangi rangi. Mzee Nyongesa alikuwa amekaa chini ya mabati, anapiga tupa kipande cha chuma. Hakusimama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikaliweka boksi kwenye benchi nikalifungua, nikamwambia nilizichanganya mwenyewe nyumbani, kwamba nilizompa mimi ndizo zilizokuwa feki.

Alivaa miwani yake. Akaichukua bushi moja, akaigeuza hadi akaiona nukta, akaibonyeza kwa kidole gumba. Akasema hii ni mzuri, na kwamba siku hizi hazipatikani. Kisha akasema, "Nilijua ni feki siku ile nilifungua boksi."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Nilifikiria mfuko imekubana, na hutaki watu wajue. Boksi ya orijino, ndani feki. Nikasema nisiaibishe binti ya Mzee."

Aliinuka, akaenda kwenye rafu, akarudi na lile furushi la gazeti nililolisukuma kando Jumamosi. Ndani mlikuwa na mikono miwili ya chini ya gari kama langu, imesafishwa na kupakwa rangi nyeusi, na bushi nzima ndani yake. Aliitoa kwenye gari lake mwenyewe, lile linalokaa juu ya mawe karibu na ua, ambalo amesema miaka yote kwamba atalifufua akistaafu. Sasa mbele yake hapakuwa na mikono ya kushika magurudumu.

Alinieleza bila kunitazama. Ningerudisha gari baada ya wiki, angenifungia hizo, ili nimpeleke Mama salama. Angeniambia amekaza nati tu. Nisingejua.

Kwa hivyo ni kweli alikuwa na mpango wa kunibadilishia spea kisirisiri. Kwa hilo nilikuwa sahihi.

Nililia, na nilichukia kwamba nalia, kwa sababu machozi yangu yalimlazimu anitafutie kiti. Hata aliyetukanwa lazima amhudumie mgeni. Nilipoweza kusema nikamwambia, "Nisamehe, Mzee. Nimekukosea sana."

Aliikunja ile karatasi ya gazeti vizuri, mara nne, akaiweka mfukoni. Halafu akasema, "Siku ile kulikuwa na watu, Madam. Leo tuko wawili."

Akarudi kwenye tupa yake.

Nimerudi nyumbani nimelowa. Jambo la kwanza nililotaka ni kuyafuta maandishi ya Jumapili, na mkono ulikuwa tayari kwenye kitufe. Sikuyafuta. Nikiyafuta, kila aliyeyasoma atabaki na alichokisoma, nami nitabaki msafi. Nimeandika juu yake, kwa herufi kubwa, kwamba ni uongo na kwamba aliyesema uongo ni mimi. Picha ya geti ndiyo nimeiondoa. Kwenye kikundi nimetuma ufupisho wa haya. Wamesoma wengi na hakuna anayeniambia pole, na wana haki.

Nimempigia yule wa Longonot pia. Akasema injini imeshafunguliwa yote huko alikoipeleka, hawezi kuirudisha sasa. Alisema niangalie ninachoandika. Nikasema ndiyo.

Mama nimempigia mwisho. Aliuliza kama Nyongesa amemaliza gari, akataja jina lake vile anavyotaja majina ya watu wa nyumbani. Nikamweleza yote, hata koti. Kisha akaniambia kwa Kikalenjin kwamba ibada inaweza kungoja, na kwamba hataki kuingia kwenye gari hilo kabla mimi sijamaliza na yule mzee.

Nimekuwa nikifanya mazoezi ya nitakachosema. Kila mara sentensi inaanza na jinsi nilivyowahi kudanganywa na mafundi, na jinsi ilivyo vigumu kwa mwanamke. Ni kweli, lakini si zamu ya hayo. Nimekuwa nikikata, nikikata, hadi kimebaki hiki: Mzee Nyongesa hakuniibia, mimi ndiye niliyempa feki, na yeye alijua akaninyamazia. Nikiongeza neno baada ya hapo nitakuwa naanza kujitetea.

Bushi ziko hapa mezani. Nukta sijazifuta, nitazibeba hivyo hivyo, aliyeniona nikionyesha ukubwa wake kwa ncha ya kidole azione. Ile mikono miwili nitamwomba airudishe kwenye gari lake kwanza, kabla hajagusa langu. Kama atakataa kuligusa langu, nitaelewa.

Sijui kama ataniita tena binti ya Mzee. Nadhani hilo ndilo nililoiba.

Kesho ni Jumamosi. Wateja waliobaki huanza kufika saa tatu, wakitafuta viti na chai. Mimi nitaingia saa nne, wakiwa wameketi wote.